Pigo humrudia mpigaji: kuchagua silaha na mbinu kwa roboti yako ya kwanza ulingoni

Pambano langu la kwanza liliisha kabla sijatulia. Roboti yangu ilikuwa na pangaboi la chuma mbele, limelala kama la feni ya dari, na nilikuwa nimekesha siku mbili nikilinoa. Mpinzani alileta boksi la plastiki nyeupe lenye bati la titani mbele, basi. Hana kisu, hana nyundo, hana chochote kinachozunguka. Nikamwendea kwa kasi, pangaboi likampiga katikati ya bati. Bati likapata mkwaruzo wa urefu wa kidole. Roboti yangu ikarushwa kinyumenyume, ikajibamiza ukutani, waya wa betri ukachomoka, taa ikazimika. Mwamuzi akahesabu hadi kumi. Mpwa wangu, ambaye wakati ule alikuwa na miaka kumi na mbili na ndiye fundi wangu msaidizi, akaniuliza: "Mjomba, kwani nani kampiga nani?"

Vijana wanaotaka kuingia kwenye mchezo huu wa kupambanisha roboti huniuliza silaha gani ina nguvu kuliko zote. Mimi huwarudisha kwenye swali la yule mtoto. Nguvu si kitu cha kutafuta kwa tochi. Mota isiyojaza kiganja na betri ndogo vinatosha kukata bati. Kigumu ni kwamba kila pigo unalotoa linakurudia kwa kiasi kilekile. Newton alishalisema, nasi tulilikariri darasani tukavuka mtihani, lakini ulingoni ndiko unakoliona likitembea: linapitia kwenye kisu, linaingia kwenye shafti, linashuka kwenye beringi, linafika kwenye fremu, na mwisho linatafuta kitu dhaifu kuliko vyote ndani ya roboti yako. Kwa hiyo unapochagua silaha, jiulize kwanza pigo likirudi litaishia wapi. Hilo ukilijua, mengine yote yatakaa mahali pake.

Ninaishi Uingereza, kazi yangu ya mchana ni kutengeneza foklifti, na roboti zangu ni za kilo 1.5. Hapa wanaziita beetleweight, yaani uzito wa mbawakawa. Marekani kundi hilo ni la ratili 3, sawa na kilo 1.36. Chini yake Uingereza kuna roboti za gramu 150, ambazo kabla ya pambano lazima ziingie kwenye kisanduku cha inchi 4 kila upande. Juu kuna za kilo 13.6, na mwisho kabisa kuna majitu. Yale ya BattleBots, mashindano makubwa ya roboti ya Marekani, yana ratili 250, karibu kilo 113. Wewe anza na ndogo. Roboti ya kilo 1.5 unaibeba kwenye begi la mgongoni, unaitengeneza juu ya meza ya chakula, na ikivunjika hukupoteza mshahara wa miezi.

Pambano mara nyingi ni dakika tatu, ndani ya kuta za polikaboneti. Roboti isiyoweza kusogea inahesabiwa kumi, imeshindwa. Zikifika mwisho zote zinatembea, waamuzi wanatazama mambo matatu: uharibifu, ushambuliaji na udhibiti. Kwenye BattleBots mwamuzi mmoja hugawa alama 5 za uharibifu, 3 za ushambuliaji na 3 za udhibiti. Soma kanuni za mashindano unayokwenda kabla ya kununua hata skrubu moja, maana sehemu nyingine hutoa uzito tofauti, na hilo peke yake linaweza kukubadilishia silaha.

Pangaboi la mlalo na gurudumu la wima

Silaha zinazozunguka ndizo zinazotawala siku hizi, na zimegawanyika makundi mawili makubwa.

Ya kwanza ni ya mlalo, kama ile niliyoanza nayo. Uzuri wake ni kufika mbali: pangaboi refu linamgusa mpinzani kabla hajakugusa, na ukingo wake ukikutana na pembe ya roboti au tairi lililo wazi, tairi linaondoka na shafti yake. Ukiliweka chini kabisa, milimita chache juu ya sakafu, linakuwa fyekeo la magurudumu. Lakini pigo linaporudi linakurudisha pembeni, na pembeni hakuna kitu cha kukushika isipokuwa msuguano wa tairi zako. Ndiyo maana roboti za aina hii hupiga na kuruka, zikijigonga kuta nne kabla ya kutulia. Ukichagua mlalo, basi umechagua kwamba kila pigo zuri litafuatwa na ajali yako mwenyewe. Tengeneza roboti inayotembea hata ikiwa chali, betri iliyofungwa kwa sponji pande zote, na waya ulioachiwa ulegevu kidogo ili usivutike. Mimi sikuwa na hata kimoja.

Ya pili ni ya wima: gurudumu au kipande cha chuma kinachozunguka kikipanda juu upande wa mbele. Pigo lake linamnyanyua mpinzani hewani, nalo linaporudi linakusukuma wewe chini, kwenye sakafu. Sakafu haichoki. Hiyo ndiyo siri yote ya silaha ya wima, na ndiyo sababu ningemshauri mgeni aanzie huko. Ina deni lake, lakini. Kitu kizito kinachozunguka kwa kasi hakipendi kugeuzwa. Ukikata kona kwa haraka, roboti inainua tairi moja na kusimama upande, kama baiskeli inayotaka kuanguka. Dawa yake ni kutanua nafasi kati ya matairi, kushusha silaha chini na mbele, na kujifunza kugeuka taratibu wakati kisu kiko kasi. La pili: ukipinduliwa, silaha ndiyo imekugeukia sakafuni. Lazima ufikirie tangu mwanzo roboti itajigeuza vipi, ama kwa umbo la mgongo lisilokubali kutulia, ama kwa mkono mdogo unaoendeshwa na servo, yaani mota ndogo inayogeuka kwa pembe unayoitaka.

Kuna pia pipa, yaani silaha ya wima iliyonenepa na kufupika. Haifiki mbali ila haina ubavu wa kushambuliwa, na ni ngumu kuivunja. Kwa roboti ya pili au ya tatu, pipa ni chaguo la heshima.

Nyundo zinazopiga kutoka juu zinapendeza machoni, na watazamaji hushangilia. Kwa kilo 1.5 siziungi mkono. Pigo linaporudi linainua roboti yako mwenyewe, na nafasi ya kukusanya kasi ni nusu duara tu, wakati mwenzako anakusanya kasi kwa sekunde mbili tatu nzima.

Kasi kupita kiasi haing'ati

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo ninapowaona wageni wengi wakipoteza pesa.

Nishati ya kitu kinachozunguka inategemea uzito, jinsi uzito ulivyo mbali na kitovu, na kasi. Ukiongeza uzito maradufu, nishati inaongezeka maradufu. Ukiongeza kasi maradufu, inakuwa mara nne. Mgeni akisikia hivyo anakimbilia kununua mota ya kasi zaidi. Chukua diski ya gramu 250 yenye kipenyo cha sentimita 10, izungushe mara 10,000 kwa dakika: inabeba jouli zipatazo 170. Zikiingia zote kwa mpinzani wa kilo 1.5, zinatosha kumrusha juu zaidi ya mita 11. Basi ukafikiri, nikienda 20,000 nitampeleka mwezini.

Humpeleki, na sababu ni mng'ato. Jino la silaha yako haliwezi kumpiga mpinzani kwa kina zaidi ya umbali alioingia kati ya jino moja kupita na lingine kufika. Fanya hesabu. Mizunguko 10,000 kwa dakika ni karibu 167 kwa sekunde. Kama diski ina meno mawili, kila sekunde yanapita meno 333. Ukimwendea mpinzani kwa mita 3 kwa sekunde, kati ya jino na jino anaingia milimita 9. Hapo jino linamshika nyama. Sasa peleka kasi hadi 20,000: mng'ato unashuka hadi milimita 4.5. Ukisogea kwa woga, mita 1 kwa sekunde, zinabaki milimita moja na nusu, na kama uso wa mpinzani ni laini na umelala, jino linateleza. Unaona cheche, unasikia kelele kama ya grinda, mpinzani anakuja tu.

Ukiondoa jino moja ukabaki na jino moja lililosawazishwa kwa uzito upande wa pili, kwa kasi ileile ya 10,000 na mwendo uleule wa mita 3, mng'ato unaruka hadi milimita 18. Ndiyo maana visu vingi vya wima vina jino moja tu. Msaada wa pili ni wa bure kabisa: mwendee kwa kasi. Silaha inayozunguka inataka dereva anayeingia na kupiga kumbo. Na ukiwa na rimoti yenye kitelezi cha kasi ya silaha, jifunze kuishusha unapopambana na kabari, yaani roboti yenye bati lililoinama mbele, na kuipandisha unapoona pembe iliyo wazi. Mimi naweka alama ya rangi ya kucha kwenye kitelezi, pale kwenye kama asilimia 60, ili kidole kiijue bila macho.

Kukutana na kila mmoja

Unapojua ratiba, tafuta mapambano ya nyuma ya mpinzani uyatazame. Usitazame jinsi anavyoshinda, tazama anapozimika.

Mbele ya pangaboi la mlalo, weka kabari. Bati nene lililoinama, lisilo na ukingo wala kichwa cha boliti kinachochungulia, lifike karibu na sakafu. Pangaboi likikutana na mteremko linapanda, halina pa kung'ata, na nguvu zote zinamrudia mwenyewe kama zilivyonirudia mimi. Funga kabari yako kwa raba au plastiki inayonepa, ile ya TPU inayochapwa kwa printa, yenye kunepa kama ndara, ili mtikisiko usifike kwenye fremu. Kisha usimpe nafasi ya kukusanya kasi tena. Akishapiga mara moja silaha yake imepungua. Hizo sekunde mbili ni zako, msukume hadi ukutani na umbane hapo. Dereva wa pangaboi anataka umbali. Mnyime.

Mwaka 2015 fainali ya BattleBots iliwakutanisha Bite Force ya Paul Ventimiglia na Tombstone ya Ray Billings. Tombstone ilikuwa na pangaboi zito la mlalo lililokuwa limeacha vipande vya wenzake sakafuni. Bite Force wakati ule ilikuwa na kabari na mkono wa kunyanyua, na ndiyo iliyotwaa ubingwa. Tombstone ilirudi ikachukua taji mwaka 2016. Na Ventimiglia hakukaa na mkono wa kunyanyua milele: mwaka 2018 na 2019 Bite Force ilishinda tena, safari hiyo ikiwa na silaha ya wima. Mhandisi yuleyule, jina lilelile, majibu tofauti kwa wapinzani tofauti. Nawaonyesha vijana mfano huo wanapogombana juu ya silaha iliyo "bora".

Mbele ya silaha ya wima, kabari pana inaweza kukuangusha, maana mwenzako akipata hata pembe ndogo chini ya ukingo wake anakurusha. Hapo pambano ni la sakafu: aliye chini ndiye anayepiga. Siku hizi watu wanafunga uma mbele, vipande vyembamba vya chuma vyenye bawaba vinavyoburuza sakafuni kwa uzito wao wenyewe. Uma ukiingia chini ya mwenzako, magurudumu yake yanapoteza mshiko na unampeleka unakotaka, au unamlisha kwenye kisu chako. Beba seti mbili: ndefu na fupi. Kabla ya pambano omba ruhusa uitazame sakafu. Kama ina viungo vilivyoinuka au mashimo ya mapambano yaliyotangulia, uma mrefu utakwama hapo katikati ya ulingo na utabaki umechomekwa kama jembe, mgongo wako ukiwa wazi. Nimeona roboti nzuri sana ikifa hivyo bila kuguswa.

Kama uma wako uko juu kidogo kuliko wake, usiende uso kwa uso. Mzunguke. Silaha ya wima haipendi kugeuka, na hapo ndipo deni lake linapodaiwa. Mlazimishe akate kona, subiri tairi lake liinuke, ingia ubavuni.

Roboti zinazozunguka mwili mzima, zile zenye gamba kama kobe, zinatisha zikishafika kasi yake. Lakini zinachelewa kufika. Kengele ikilia nenda moja kwa moja, usizunguke, usipime. Mgonge kabla hajakusanya, mgonge tena. Kwenye mlalo na kwenye gamba, sekunde tatu za mwanzo zina thamani kuliko dakika yoyote inayofuata.

Mbele ya mwenzako asiye na silaha ya kuzunguka, mwenye kabari na mkono wa kunyanyua tu, wageni hulegea. Usilegee. Huyo amechagua kutopigwa na pigo lake mwenyewe. Uzito ambao wewe umeweka kwenye kisu yeye ameuweka kwenye ngao na mota za magurudumu. Atakusukuma dakika tatu, na alama za udhibiti na ushambuliaji zitakwenda kwake. Tafuta matairi yake na pembe za nyuma, punguza kasi ya kisu upate mng'ato, na usimpige usoni hata kidogo. Uso wake ndio aliokutengenezea wewe.

Vitu vinavyokufa kwanza

Theluthi moja ya uzito mimi huitenga kwa silaha pamoja na mota yake. Zaidi ya hapo unaanza kuiba kutoka kwenye ngao na magurudumu, na silaha kali juu ya roboti isiyotembea ni pambo.

Fremu ya kwanza ifanye kwa plastiki ya ubao wa kukatia nyama, ile nyeupe nzito ya dukani. Inakatika kwa msumeno wa mkono, inashika skrubu, na ikipigwa inabonyea badala ya kupasuka. Alumini nyembamba inavutia lakini ikishapinda inabana kila kitu kilicho ndani. Ubao mmoja unatoa fremu mbili, kwa hiyo chonga mbili na ziwe na matundu yanayolingana.

Jino la silaha linataka chuma kilichopata moto sawasawa. Kikiwa kigumu mno kinapasuka kama kigae, kikiwa laini kinapinda na kutoa usawa. Niliwahi kuagiza visu vitatu kwa fundi mmoja aliyeniambia vimeshapigwa moto. Sikuvipima. Kwenye pigo la pili cha kwanza kilikunjika kama kijiko, silaha ikaanza kutetemeka, na mtetemo ule, si mpinzani, ndio uliolegeza boliti zote nne za mota. Tangu siku ile kila chuma kinachofika nyumbani nakijaribu kwa tupa kabla ya lolote: tupa ikiuma na kutoa unga kirahisi, kisu hakijapata moto. Ikiteleza juu kama kwenye kioo, kimepata. Kipimo cha tupa kinachukua nusu dakika.

Shafti ya silaha isizunguke. Ikaze pande zote mbili kwenye fremu, beringi zikae ndani ya kisu, na kisu kizungushwe kwa mkanda kutoka kwa mota iliyofichwa nyuma. Mkanda una faida ambayo haionekani kwenye karatasi: kisu kikigonga kitu na kusimama ghafla, unateleza, na mota haifi. Pigo limerudi, limeishia kwenye mpira wa shilingi chache.

Kila skrubu ya chuma inayoingia kwenye chuma itiwe gundi ya nyuzi, ile ya kuzuia isilegee. Kila kiungo ulicholehemu kivute kwa vidole kabla hujakifunika. Kwa miaka yote hii, roboti zangu nyingi zimezimwa na waya, boliti au kipokezi cha rimoti kilichochomoka, siyo na kisu cha mtu.

Mikono yako

Dereva mzuri mwenye roboti ya kawaida anamshinda dereva mbaya mwenye roboti ya ajabu, na mazoezi hayana gharama. Fungua kisu ukiweke kabatini. Panga chupa za maji sita kwenye sakafu ya gereji au baraza, pita katikati yake kwa umbo la nane, mbele kisha kinyumenyume, bila kuangusha. Kisha weka kiti, fanya ni mpinzani, kizunguke huku mbele ya roboti ikikitazama daima. Halafu igeuze roboti chali uendeshe hivyohivyo. Kumbuka kwamba ikiwa chali mbele inakuwa nyuma, ila kushoto na kulia vinabaki kama vilivyo. Ubongo unakataa jambo hilo kwa siku kadhaa. Rimoti nyingi zina swichi unayoweza kuipanga igeuze mbele na nyuma. Ipange, na uizoee gizani.

Mpwa wangu sasa ana miaka kumi na nane na ndiye anayeendesha. Mimi natengeneza. Nilimpa rimoti siku nilipoona kwamba mpinzani akisogea, vidole vyake vinajibu kabla yangu. Kama kwenye familia au kundi lako kuna mtoto wa namna hiyo, mpe uendeshaji mapema. Usingoje mpaka ujisikie umechoka.

Kabla ya mlango kufungwa

Betri zetu ni za lithiamu, seli nne mfululizo, volti 14.8. Zikitobolewa zinawaka, na moshi wake hauvutwi. Chaji ndani ya mfuko usioshika moto, kaa karibu, usilale ukichaji. Zikiwa zinarudi nyumbani zishushe hadi kama volti 3.8 kwa seli. Zikiachwa zimejaa muda mrefu zinaweza kuvimba. Betri iliyovimba au iliyopigwa haitumiki tena, hata kama bado inawasha taa.

Wakaguzi watazima rimoti yako makusudi na kutazama kama roboti inasimama, silaha na magurudumu. Jaribu hilo nyumbani mara kumi, magurudumu yakiwa hewani juu ya tofali na kisu kimefunguliwa.

Na kuna utaratibu mmoja ambao kwangu haubadiliki. Pini ya silaha, kile kijiti chenye utepe mwekundu kinachopita kwenye kisu na fremu ili kisu kisizunguke, inabaki mahali pake mezani, njiani, na mkononi. Roboti inawekwa ulingoni ikiwa na pini. Swichi inawashwa, taa inaonekana, pini inatolewa mwisho kabisa, mikono yote inatoka, mlango unafungwa. Pambano likiisha, hata kama umeshinda na watu wanapiga kelele jina lako, unasimama nje ya mlango hadi visu vyote viwili vimesimama, chako na chake. Mpwa wangu huhesabu kwa sauti hadi ishirini baada ya kuona kisu kimetulia. Kisha anaingia na pini mkononi, anaichomeka kabla hajagusa kitu kingine chochote, ndipo anazima swichi, ndipo ananiita: "Mjomba, njoo, imelala."